Tuielewe Nota Kabla ya Kuiimba: Maneno ya Msingi ya Muziki kwa Wanakwaya na Waumini



Ndugu msomaji, katika parokia nyingi mambo huenda hivi siku ya Dominika: kwaya inaimba sauti nne kwa umahiri, na waumini wanasikiliza. Wimbo ukifika kwenye kiitikio, wachache wanajaribu kuitikia, wanakwama kwenye nota za juu, kisha wananyamaza. Baada ya Misa utasikia wakisema, "Wimbo ule ni mgumu." Lakini mara nyingi ugumu hauko kwenye wimbo wenyewe. Wimbo umeanzishwa juu mno, au maneno yamepangwa vibaya juu ya mapigo, na hakuna aliyekuwa na msamiati wa kulisema tatizo hilo ili lirekebishwe.

Kuna tatizo la pili. Kwaya nyingi hujifunza kwa kukariri: mwalimu anaimba, wanakwaya wanafuata. Mwalimu akihama, kwaya inabaki na nyimbo zilezile, na hata hizo hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, mpaka parokia mbili jirani zinashindwa kuimba pamoja kwenye sherehe ya dekania.

Sisi tulio seminarini tuna sababu ya ziada ya kujifunza. Kesho tutapelekwa parokiani, na mwalimu wa kwaya atatuletea karatasi ya wimbo mpya akiuliza, "Padre, tuuimbe?" Hatuhitaji kuwa watunzi ili tumjibu vema, ila tunahitaji kujua maneno ya msingi. Katika somo hili tutayapitia manane. Tunakuomba usome karibu na kinanda au gitaa kama vipo, na kama havipo, mikono ya kupiga makofi inatosha.

1. Sauti ya muziki na kimo chake

Kitu kikitikisika, hewa nayo hutikisika, na sikio husikia sauti. Kikitikisika kwa mpangilio ulio sawa, tunasikia sauti ya muziki yenye kimo: ya juu au ya chini. Mitikisiko ikiwa mingi kwa sekunde, sauti huwa juu. Ikiwa michache, huwa chini. Ala nyingi leo hupatanishwa kwa sauti iitwayo A, yenye mitikisiko 440 kwa sekunde.

Tuwe waangalifu hapa, maana katika mazungumzo yetu "sauti ya juu" hubeba maana mbili. Mtu akituambia "imbeni kwa sauti ya juu", huenda anataka tuongeze nguvu, au anataka tupandishe kimo. Ni mambo mawili tofauti. Besi anaweza kuimba kwa nguvu sana akiwa chini kabisa, na soprano anaweza kuimba taratibu akiwa juu kabisa. Mwalimu anayetenganisha maneno haya mawili, nguvu na kimo, huokoa dakika nyingi za mazoezi.

2. Oktava na umbali

Wanafunzi wa falsafa hukutana na Pythagoras mapema, na wengi humjua kwa pembetatu zake. Mapokeo ya kale yanamhusisha pia na ugunduzi tunaoweza kuujaribu kwa gitaa. Piga waya mmoja ukiwa huru. Kisha ubonyeze katikati kabisa, yaani nusu ya urefu wake, na upige tena. Utasikia sauti ileile ikiwa juu zaidi. Umbali huo ni oktava, na uwiano wake ni 2 kwa 1. Sasa bonyeza ili ubaki na theluthi mbili za waya, na utapata umbali wa kutoka do hadi sol, wenye uwiano wa 3 kwa 2.

Ndiyo maana wanaume na wanawake wanaweza kuimba wimbo mmoja pamoja bila kugombana. Kwa kawaida wanaume huwa oktava moja chini, na sikio husema ni nota ileile. Na ndiyo maana vyuo vya kale viliuweka muziki katika fungu moja na hesabu, jiometria na elimu ya nyota. Boethius aliyeandika juu ya muziki hakuwa anatoka nje ya falsafa, na Mtakatifu Augustino naye aliandika vitabu sita juu ya muziki, akizungumzia zaidi mpangilio wa mapigo na vipimo vya mashairi. Kwao, masikio yanafurahia kile ambacho akili inaweza kukihesabu.

3. Ngazi ya nota: do, re, mi, fa, sol, la, ti

Kati ya do ya chini na do ya juu tunapanda ngazi yenye vidato. Majina ya vidato hivyo tunadaiwa na mmonaki Mbenediktini wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyeishi karne ya 11. Guido aliona waimbaji wakitumia miaka kumi kukariri nyimbo za ibada bila kuzimudu vizuri. Akachukua utenzi wa Kilatini wa sikukuu ya kuzaliwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, ambao kila kifungu chake huanza kidato kimoja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo wa vifungu sita zikawa majina ya nota: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, na nota ya saba ikapewa jina si. Guido aliandika kwamba kwa njia yake mwimbaji aliweza kukamilika kwa mwaka mmoja, au kwa wingi miwili. Papa Yohane wa 19 alimwita Roma ili aone jambo hilo mwenyewe.

Katika karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover na baada yake mchungaji John Curwen walitengeneza namna ya kuandika nota hizo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Si ikageuzwa kuwa ti ili herufi s isitumike mara mbili. Uandishi huu ulifika Afrika pamoja na wamisionari, nao ndio tunaouona hadi leo kwenye karatasi nyingi za kwaya zetu.

Jambo la kukumbuka ni hili: vidato havilingani. Kutoka do hadi re ni hatua nzima, re hadi mi hatua nzima, lakini mi hadi fa ni nusu hatua tu. Fa hadi sol, sol hadi la, la hadi ti ni hatua nzima, kisha ti hadi do ni nusu hatua. Tazama kinanda: kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kibonyezo cheusi. Ukianzia C ukapiga vyeupe vyote kwa mfuatano, umeimba do hadi do.

Kwaya inayoshuka sauti katikati ya wimbo usiosindikizwa na kinanda mara nyingi huanzia tatizo hapahapa. Waimbaji wanaimba mi iliyolegea, au wanapanda kwenda ti bila kuifikisha karibu na do. Kosa ni dogo, lakini likirudiwa kila ubeti, wimbo ulioanza kwenye F unamalizikia kwenye E.

4. Ufunguo: do iko wapi?

Juu ya karatasi ya wimbo tunakuta maandishi kama Do = F. Huo ndio ufunguo. Unatuambia kwamba katika wimbo huu nyumba ya do iko kwenye sauti inayoitwa F kwenye kinanda. Majina C, D, E, F, G, A, B ni ya sauti zisizohama. Do, re, mi ni ya vidato vinavyohama pamoja na nyumba yao.

Hapa tunarudi kwa muumini aliyenyamaza kwenye kiitikio. Mtu asiye na mazoezi ya kuimba hujisikia vizuri, kwa makadirio ya kawaida, kuanzia C ya katikati ya kinanda hadi D iliyo juu ya oktava yake. Mwanaume huimba hivyohivyo oktava moja chini. Sasa chukua wimbo ambao nota yake ya chini kabisa ni do na ya juu kabisa ni do ya juu. Ukiandikwa Do = F, waumini wanatakiwa kufika F ya juu, na wengi wataishia njiani. Ukishushwa kuwa Do = C au Do = D, wote wataimba.

Lakini chukua wimbo mwingine unaoanzia sol ya chini na kuishia sol ya kawaida. Huo ukiandikwa Do = F, unatembea kati ya C na C, na unawafaa waumini kabisa. Kwa hiyo ufunguo peke yake hausemi kama wimbo ni wa juu au wa chini. Tafuta kwanza nota ya chini kabisa na ya juu kabisa, kisha uamue do ikae wapi. Padre anayeanzisha Utangulizi, na mwalimu anayeanzisha kiitikio cha zaburi, wote wanahitaji kufanya hesabu hii ndogo kabla ya kufungua kinywa.

5. Pigo, kipimo na mwendo

Pigo ni kama hatua za mtu anayetembea: zinakuja kwa nafasi sawa. Mapigo hukusanyika katika makundi, na kila kundi tunaliita kipimo. Vipimo hutenganishwa kwa mstari wa wima, na pigo linalofuata mara baada ya mstari huo ndilo lenye uzito. Alama 2/4 ina maana mapigo mawili katika kipimo, 3/4 mapigo matatu, 4/4 mapigo manne.

Mwendo ni kasi ya mapigo hayo. Mapigo 60 kwa dakika ni pigo moja kwa kila sekunde. Unaweza kulipata kwa saa ya ukutani. Wimbo wenye mapigo 60 na wenye mapigo 120 unaweza kuwa na nota zilezile kabisa, ila wa pili unakimbia mara mbili ya ule wa kwanza.

Katika uandishi wa herufi, nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari huonyesha kwamba nota inaendelea kushikwa, na nukta moja hugawa pigo katika nusu mbili. Soma zoezi hili la 2/4:

| d : r | m : – | f : m . r | d : – |

Kipimo cha kwanza kina do na re, kila moja pigo moja. Cha pili kina mi iliyoshikwa mapigo mawili. Cha tatu kina fa pigo moja, kisha mi na re zikigawana pigo moja. Cha nne kina do ya mapigo mawili. Lipige kwanza kwa makofi bila kuimba, kisha uliimbe.

Alama ya 6/8 inastahili neno la pekee kwa sababu nyimbo zetu za Kiafrika huipenda. Sita inagawanyika kwa namna mbili: makundi mawili ya tatu tatu, au makundi matatu ya mbili mbili. Kanyaga mguu mara mbili huku ukipiga makofi mara tatu katika muda uleule. Ukiweza, umeonja kile ambacho wapiga ngoma wa vijijini mwetu hufanya bila kutazama karatasi.

6. Mkazo wa neno

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, a-SA-nte, tu-na-ku-shu-KU-ru. Muziki nao una mkazo wake, kwenye pigo la kwanza la kipimo. Mikazo hii miwili ikikutana, msikilizaji anaelewa neno bila jitihada. Ikigongana, anasikia bwa-NA, na sikio linakataa.

Wakati mwingine maana yenyewe hupotea. Tamka "barabara" ukiweka mkazo kwenye silabi ya tatu: ni njia. Tamka ukiuweka kwenye silabi ya pili: ni sawasawa, vilivyo. Mtunzi akikosea pigo, mtu aliyetakiwa kuamini barabara anajikuta anaamini njia ya magari.

Tatizo hili hutokea hasa pale maneno ya Kiswahili yanapobandikwa juu ya tuni ya lugha nyingine yenye mkazo tofauti, na pale ubeti wa pili unapolazimishwa kufuata nota za ubeti wa kwanza. Dawa yake ni rahisi. Andika maneno kwanza, pigia mstari silabi zenye mkazo, kisha hakikisha silabi hizo zinaangukia mapigo yenye uzito. "Asante Bwana", kwa mfano, haianzi kwenye pigo zito: silabi "a" huimbwa kabla ya mstari wa wima, na "sa" ndiyo inayouvuka.

7. Tuni, kordi na sauti nne

Tuni ni nota zinazofuatana, moja baada ya nyingine. Kordi ni nota zinazosikika kwa pamoja. Kordi ya msingi hujengwa kwa kuruka kidato: do, mi, sol. Ukifanya hivyo kuanzia fa unapata fa, la, do. Kuanzia sol unapata sol, ti, re. Kwa kordi hizi tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kawaida.

Kordi ya sol, ti, re ina tabia ya kuuliza swali. Ti iko nusu hatua tu chini ya do, na sikio linatamani ipande. Do, mi, sol ndiyo jibu. Imba kiitikio chochote unachokijua ukakatize kabla ya nota ya mwisho, utaona wenzako wanavyoikamilisha wenyewe.

Sauti nne za kwaya hugawana kordi hiyo. Kwa mfano, besi anashika do, tena sol, alto mi, na soprano do ya juu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kordi nzima. Alto akiacha kuimba mi kwa sababu anaona sauti yake haisikiki, kordi inabaki tupu katikati, na msikilizaji hajui tena kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Maana ni nota hiyo ya katikati, ikishushwa nusu hatua, inayoigeuza kordi kutoka uchangamfu kwenda majonzi.

8. Nguvu ya sauti

Herufi p juu ya nota ina maana ya kuimba taratibu, f kwa nguvu, na mf kwa nguvu ya wastani. Ni vifupisho vya Kiitaliano. Havihusu kasi. Kwaya nyingi zikiona f huongeza mwendo, na zikiona p hupunguza. Mazoezi mazuri ni kuimba kipande kimoja mara mbili, taratibu na kwa nguvu, huku mtu mmoja akipiga makofi ya mwendo usiobadilika.

Je, wazee wetu hawakuimba bila nota?

Swali hili ni la haki. Wagogo wa Dodoma wanaimba kwa sauti kadhaa zinazopatana, wakiwa na zeze na marimba, bila karatasi, na baadhi ya sauti zao hazikai sawasawa juu ya vibonyezo vya kinanda chochote. Nota za d, r, m haziwezi kuubeba muziki huo wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliipa nyimbo za Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kiroma, na papo hapo ukaagiza muziki wa mataifa yenye mapokeo yake upewe heshima inayostahili. Hapa Tanzania Padre Stephen Mbunga alikwishatunga Misa Baba Yetu kabla ya Mtaguso, akitumia muziki wa Kiafrika, naye alizijua nota vizuri.

Kwa hiyo hatuchagui kati ya sikio na karatasi. Sikio ndilo linaloimba. Karatasi hutunza kile ambacho sikio limependa, ili mwalimu akihama wimbo usihame naye, na ili mama aliyekaa benchi la nyuma awekewe do mahali anapoweza kuifikia.

Maswali ya kujipima

Moja: wimbo una nota ya chini kabisa re na ya juu kabisa do ya juu, nao umeandikwa Do = G. Unawafaa waumini? Ungeuweka wapi? (Jibu: do ya juu itakuwa G ya juu, ni mbali mno. Ukiandika Do = D, wimbo utatembea kati ya E na D.)

Mbili: chagua ubeti mmoja wa wimbo mnaouimba parokiani. Pigia mstari silabi zenye mkazo, kisha hesabu ni ngapi zimeangukia pigo zito.

Tatu: katika mazoezi yajayo, muombe mwalimu mwimbe kordi ya do, mi, sol sauti nne bila kinanda, mshike kwa mapigo manane, kisha mpiga kinanda apige do. Kama mmeshuka, tafuteni pamoja ni sauti ipi ilianza kulegea, na mrudie.